Dokumentari tano kuhusu bunduki Marekani: uonyeshe ipi, na kwa nani

Tuseme ukumbi umepatikana, projekta ipo, na Jumamosi jioni watu watakuja kutazama dokumentari kuhusu mauaji ya bunduki kisha waizungumzie. Uchague ipi? Nyingi ni za Marekani, na sababu haijifichi: mwaka 2021 pekee bunduki ziliua watu 48,830 nchini humo. Hapa nimeziweka tano ubavu kwa ubavu, kila moja na mbinu yake, na baadaye nitaigusa moja ya Nairobi kwa kuwa ni ndugu yao wa karibu.

Sijazipanga kwa uzuri wala kwa tuzo. Kipimo changu ni kimoja: taa zikishawashwa, mtazamaji anamlaumu nani? Watu hudhani jibu linatokana na hoja za mtengenezaji. Mimi naona linatokana zaidi na mahali kamera iliposimama, muda iliosimama hapo, na pale mhariri alipokata.

Mwenye haraka achukue hili aende zake. Kwa vijana wa mtaani, *The Interrupters*. Kwa wanafunzi wa sheria na wanaharakati, *3½ Minutes, Ten Bullets*. Kwa ukumbi wenye watu waliowahi kufiwa kwa namna hiyo, *Tower*, tena kwa tahadhari. Kwa wapenda mabishano, *Bowling for Columbine*, lakini uwe na maelezo ya kuongezea. Kwa wanaosomea uandishi wa habari, *Under the Gun*, na hiyo ni kwa ajili ya sekunde chache tu zilizomo ndani yake. Mwenye muda aendelee.

Moore anayekushika mkono

*Bowling for Columbine* ya Michael Moore ilitoka mwaka 2002 na mwaka uliofuata ikachukua Oscar. Kiini chake ni mauaji ya tarehe 20 Aprili 1999 katika shule ya sekondari ya Columbine, jimbo la Colorado, ambako wanafunzi wawili waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Lakini filamu haikai hapo. Inazunguka nchi nzima, na Moore yumo ndani ya picha karibu muda wote, kofia kichwani, akiuliza maswali yanayoonekana ya kijinga na ambayo si ya kijinga hata kidogo.

Mapema kabisa anaingia katika benki moja ya Michigan inayompa bunduki mteja anayefungua akaunti ya amana. Anajaza fomu, anakabidhiwa bunduki yake, anauliza kama wao wenyewe hawaoni hatari ya kugawa bunduki ndani ya benki. Ukumbi unaangua kicheko. Na ukishacheka pamoja na mtu, umekwishakuwa upande wake kabla hajakupa hoja hata moja. Isitoshe Moore ni mwenyeji wa Michigan, utotoni alipata tuzo ya kulenga shabaha, na ni mwanachama wa NRA, chama kikuu cha wamiliki wa bunduki. Hakuna wa kumwambia kwamba hajui anachozungumzia.

Zana zake ni nyingi na anazitumia zote. Kuna katuni inayopita historia nzima ya Marekani kwa dakika chache, mbio mbio, huku hofu ya mzungu ikiwa ndiyo mhusika mkuu. Kuna wimbo mtamu wa Louis Armstrong uliolazwa juu ya picha za mapinduzi na mabomu ambayo serikali ya Marekani ilihusika nayo. Kuna picha za kamera za usalama za bwalo la Columbine, bila msimulizi, zikiwa na sauti za simu za kuomba msaada tu. Hapo hata Moore ananyamaza, na ndiyo sehemu ya filamu ninayoiheshimu kuliko zote.

Halafu kuna Kmart. Moore anawachukua vijana wawili walionusurika Columbine, miilini mwao bado mna risasi, anakwenda nao makao makuu ya kampuni hiyo kwa sababu risasi zenyewe zilinunuliwa kwenye duka lake. Wanangojeshwa, wanazungushwa, wanarudi tena. Mwisho msemaji anatoka na kutangaza kwamba kampuni itaacha kuuza risasi za bastola. Hapa kamera imeacha kuandika tukio na yenyewe imelisababisha. Kuna wanaosema hiyo si dokumentari tena. Mimi sina ugomvi nayo, maana mtazamaji anaona kila hatua na hakuna kilichofichwa.

Ninachogombana nacho ni kingine. Charlton Heston, mwigizaji maarufu, wakati huo alikuwa rais wa NRA. Siku chache baada ya mauaji ya Columbine chama chake kilifanya mkutano Denver, karibu kabisa na waliokuwa wakizika watoto wao. Katika filamu, tunatolewa kwenye kilio cha wanafunzi na kupelekwa moja kwa moja kwa Heston, ameinua bunduki jukwaani, anasema kwamba ataachia silaha yake akiwa maiti tu. Kisha sauti ya Moore inatuingiza Denver. Kila aliyemo ukumbini anaamini Heston aliyasema yale pale Denver, makaburi yakiwa bado mabichi. Sivyo. Aliyasema Charlotte, North Carolina, Mei 2000, mwaka mzima baadaye. Ule mkutano wa Denver ulikuwa umepunguzwa, maonyesho yalifutwa, kikabaki kikao cha wanachama tu. Mwenye jicho kali ataona hata shati na tai vimebadilika. Moore hakutamka uongo wowote. Aliweka picha mbili jirani, na akili ya mtazamaji ikafanya iliyobaki.

Kinachonisikitisha ni kwamba hoja yake halisi ni pana kuliko hapo. Anavuka hadi Canada, anafungua milango ya nyumba za watu Toronto na kukuta haijafungwa kwa ufunguo, na anauliza: hawa nao wana bunduki nyingi, mbona hawauani kama sisi? Anazungumzia televisheni inayotangaza uhalifu asubuhi na jioni, na umaskini wa Flint, ambako mwaka 2000 mtoto wa miaka sita alimuua mwenzake wa rika hilo hilo darasani. Ni maswali mazito. Lakini waulize watazamaji wanakumbuka nini wiki moja baadaye. Watakutajia mzee Heston nyumbani kwake, akikatisha mahojiano na kuondoka polepole, mgongo kwa kamera. Filamu iliyotaka kuzungumzia hofu ya taifa zima inaacha watu wamemkasirikia mzee mmoja.

James anayesubiri

*The Interrupters* ya mwaka 2011 ni kinyume chake kwa karibu kila kitu. Mwongozaji Steve James haonekani, wala hasemi na wewe. Wakiwa watu wachache tu, pamoja na mwandishi Alex Kotlowitz, waliwafuata kwa mwaka mzima hivi wafanyakazi wa mpango uitwao CeaseFire katika mitaa ya Chicago. Kazi ya wafanyakazi hao ni kuingilia ugomvi kabla haujafikia risasi. Wengi wao walikuwa kwenye magenge. Eddie Bocanegra aliua mtu akiwa kijana na akafungwa miaka mingi. Ameena Matthews ni binti wa Jeff Fort, mmoja wa viongozi wa magenge waliojulikana zaidi katika historia ya mji huo. Wana heshima ambayo polisi hawana, na heshima hiyo imetoka mahali pabaya.

Wasomaji wa huku kwetu wana sababu ya ziada ya kuijali filamu hii. Aliyebuni mpango huo, daktari Gary Slutkin, hakuutoa kwenye vitabu vya polisi. Miaka ya 1980 alifanya kazi Somalia kwenye kambi za wakimbizi akipambana na kifua kikuu na kipindupindu, kisha akawa na Shirika la Afya Duniani kwenye mapambano ya UKIMWI, ikiwemo Uganda. Alirudi Marekani akiwa na wazo kwamba risasi nazo huambukizana: anayepigwa leo, ndugu yake analipiza kesho. Na kama ni ambukizo, basi unamtafuta aliyekwisha kuambukizwa, na unamtuma mtu wa mtaa wake anayemwamini akaseme naye, jinsi wahudumu wa afya wa vijijini walivyofanya Afrika Mashariki. Kwa mara moja, mbinu imetoka huku ikaenda huko.

Mbinu ya filamu nayo ni kukaa. Mfano: mfanyakazi mmoja, Cobe Williams, anafika kwa jamaa aliyekasirika vibaya sana. Polisi wamevamia nyumba yao baada ya mtu kuwachongea, ndugu zake wametiwa pingu, na yeye anataka kwenda kulipiza sasa hivi. Kamera haikati. Jamaa anatembea huku na huku, anapiga simu, anatukana, anamuuliza Cobe atamsaidia nini hasa. Cobe hana jibu la maana. Anachofanya ni kuendelea kuwepo, kutania kidogo, kumwambia twende tukale. Mtazamaji anaanza kuchoka, anaanza kujiuliza kwani itaisha lini, na hapo ndipo anapoelewa kazi yenyewe: kuchelewesha. Mtu mwenye hasira ukimchelewesha saa moja, pengine umeokoa maisha mawili, la atakayeuawa na la atakayeua. Mhariri angefupisha sehemu hiyo iwe dakika moja, tungeona shujaa na muujiza wake, na tusingejifunza lolote.

Nyingine ni ya kijana aliyetoka jela, anayekwenda kuomba radhi kwenye kinyozi alichokiibia akiwa na bunduki. Mwanamke mmoja aliyekuwepo siku ile anamjibu. Hamsamehi haraka haraka ili filamu ipate utamu. Anamweleza kwanza, kwa utaratibu, siku ile ilimfanya nini yeye na watoto wake. Kijana amesimama, hana pa kuweka mikono. Hakuna muziki wa kukuambia ulie sasa.

Ukitoka hapa humlaumu mtu mmoja. Unajikuta unauliza nani mtaani kwenu angeweza kufanya kazi ile. Ndiyo maana naipendekeza kwa vijana kuliko zote: mazungumzo baada yake huanza yenyewe, na huanza kwa visa vya mtaani, si kwa Marekani. Bodaboda aliyemzuia mwenzake, mama lishe anayejua nani kagombana na nani, mzee wa mtaa ambaye watu bado wanamsikiliza.

Ina kasoro, na si ndogo. Ukiitazama hadi mwisho hutajua bunduki zile zinatoka wapi. Hakuna duka, hakuna kiwanda, hakuna sheria wala mbunge. Kamera inayokaa mtaani inaona cha mtaani tu. Mtu akiiona hii peke yake anaweza kudhani tatizo la Chicago ni hasira za vijana weusi, na kwamba dawa ni maneno mazuri. Moore, kwa makelele yake yote, walau anakwenda kubisha hodi kwa muuzaji. Ndiyo sababu ukipata jioni mbili, hizi mbili zioneshwe pamoja, na ningeanza na Moore. Ukianza na James, watu hawatamvumilia Moore tena.

Tower: nyuso zilizochorwa

Tarehe 1 Agosti 1966 mtu mmoja alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kuwafyatulia risasi watu waliokuwa chini kwa dakika 96. Keith Maitland aliitengeneza filamu hii mwaka 2016, miaka 50 baadaye, na alikuwa na tatizo la wazi: picha halisi za siku ile ni chache, na walionusurika wamezeeka. Alichofanya ni kuwarekodi waigizaji vijana wakisema maneno ya walionusurika, kisha wachoraji wakachora juu ya picha zile, fremu kwa fremu. Katikati zinapenya picha halisi za televisheni za wakati ule na sauti ya mtangazaji wa redio aliyekuwa akiripoti moja kwa moja.

Ungedhani kuchora kungepunguza uzito. Kunauongeza. Mwanamke kijana mjamzito anapigwa risasi, anaanguka kwenye saruji ya moto ya Agosti, mpenzi wake amekufa kando yake. Kwa muda mrefu hakuna anayethubutu kumfikia. Kisha msichana mmoja asiyemjua anakimbia, anajilaza chini karibu naye kana kwamba naye amekufa, na kuanza kumuongelesha ili asipoteze fahamu. Wanaulizana majina, wanazungumza mambo ya kawaida. Baadaye vijana wawili wanajitosa na kumbeba. Hakuna kamera iliyoweza kuwa pale kwa ukaribu huo mwaka 1966, mchoro unaweza. Na kwa kuwa ni mchoro, unaweza kuutazama bila kugeuza uso.

Halafu, baada ya kuwazoea vijana hawa wa rangi za katuni, unaonyeshwa wazee wenyewe, wa kweli, mvi na makunyanzi, wakiendeleza sentensi ile ile. Ujanja huo ungeweza kuwa wa kimazingaombwe. Sivyo ulivyo, kwa sababu unakwenda na muda: ghafla unaona miaka 50 yote kwenye uso mmoja.

Muuaji karibu hayumo. Hatusimuliwi maisha yake, hatuelezwi alikuwa akiwaza nini. Kwangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko hata uchoraji. Filamu nyingi za aina hii zinamgeuza muuaji kuwa kitendawili cha kuteguliwa, na mtazamaji anaondoka anamjua yeye vizuri kuliko anavyowajua marehemu.

Anamlaumu nani basi? Hapa *Tower* haikusaidii, na sidhani inataka. Inaonyesha pia raia wa kawaida waliokwenda kuchukua bunduki zao na kuanza kurusha risasi kuelekea mnarani. Mpinga bunduki na mtetezi wa bunduki wote watapata cha kuchukua hapo. Na tarehe 1 Agosti 2016, siku ile ile mauaji yalipotimiza miaka 50, ilianza kutumika sheria ya Texas inayoruhusu wenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa katika vyuo vikuu vya umma. Ukitaka mjadala wa sera, hii itakuangusha. Ukitaka watu wazungumzie hofu, ujasiri na miaka inayofuata baada ya risasi, sijaona inayoikaribia. Tahadhari niliyoitaja ni hii: mwambie kila anayeingia filamu ina nini, na aliyeketi karibu na mlango asiulizwe anakwenda wapi.

3½ Minutes: mahakama kama jukwaa

Novemba 2012, Jacksonville, Florida. Vijana wanne weusi wamesimamisha gari kituo cha mafuta, muziki juu. Mzungu wa makamo aliyeegesha kando anawaambia wapunguze. Maneno yanapanda, anatoa bastola, anafyatua risasi kumi. Jordan Davis, miaka 17, anakufa. Mfyatuaji anadai aliona silaha ndani ya gari lile. Polisi hawakuikuta yoyote.

Marc Silver alipata ruhusa ya kurekodi ndani ya mahakama, na filamu yake ya mwaka 2015 imesukwa kwa nyuzi mbili. Uzi mmoja ni kesi: mashahidi, mawakili, wazazi wamekaa safu ya mbele. Mwingine ni sauti za simu za mshtakiwa akiwa mahabusu, akizungumza na mchumba wake, akijiona yeye ndiye mwathirika. Hakuna msimulizi na hahitajiki. Mtu anayejieleza kwa anayempenda, akisahau au akipuuza kwamba simu inarekodiwa, anajifunua kuliko mahojiano yoyote.

Kuna dakika chache ambazo ningezionyesha hata kama sina muda wa filamu nzima. Mchumba huyo yuko kizimbani. Anaulizwa kama mshtakiwa aliwahi kumtajia kwamba vijana wale walikuwa na silaha. Walikuwa pamoja usiku kucha baada ya tukio, hotelini. Anajibu kwamba hapana, hakumtajia. Silver hakuzi chochote. Anatuacha tuangalie uso wa mwanamke anayejua amesema nini.

Kesi ya kwanza, mwanzoni mwa 2014, raia 12 wa kuamua walishindwa kukubaliana kuhusu shtaka la mauaji. Ya pili, mwaka huo huo, alipatikana na hatia na kufungwa maisha. Mama yake Jordan, Lucy McBath, alichaguliwa kuwa mbunge katika Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 2018.

Nguvu ya filamu hii ndiyo hatari yake. Mwanasayansi wa siasa Shanto Iyengar, katika majaribio aliyoyafanya kwa watazamaji wa habari za televisheni Marekani na kuyachapisha mwaka 1991, alikuta kwamba habari inayosimulia kisa kimoja huwafanya watu walaumu mtu mmoja mmoja, na ile inayoeleza hali kwa upana huwaelekeza kwenye jamii na viongozi. *3½ Minutes* ni kisa kimoja. Sheria ya Florida ya mwaka 2005, inayomruhusu anayehisi hatari kutumia silaha bila kulazimika kwanza kukimbia, inatajwa na kujadiliwa, lakini macho yako yako kwa mshtakiwa. Hukumu inaposomwa unashusha pumzi, na kushusha pumzi huko ndiko kunakokudanganya: mtu kafungwa, sheria ipo pale pale. Kwa hiyo ukiionyesha kwa wanasheria, zungumzeni sheria kabla ya kuwasha projekta.

Sekunde tisa za Under the Gun

Hii ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Stephanie Soechtig na kusimuliwa na mtangazaji Katie Couric, siipendekezi kama filamu ya jioni. Ni kampeni, na inajua hivyo. Lakini ina somo.

Couric amekaa na wanachama wa kikundi cha watetezi wa bunduki cha Virginia. Anawauliza: kama hakuna ukaguzi wa historia ya mnunuzi, mtazuiaje wahalifu na magaidi kununua silaha? Kwenye filamu wanakaa kimya. Sekunde zinakwenda, takriban tisa, mtu anaangalia chini, mwingine anapepesa macho, na sehemu inaisha. Mtazamaji anasema moyoni: hawana jibu.

Walikuwa nalo. Kiongozi wao alikuwa na kinasa sauti chake mezani, na sauti hiyo ilionyesha kwamba walijibu mara moja na kwa kirefu. Kimya kile kilitoka kwenye picha nyingine za kikao hicho hicho. Mwongozaji alisema alitaka kumpa mtazamaji nafasi ya kulitafakari swali. Couric alikiri kwamba haikuwa sawa na akaomba radhi. Kikundi kilishtaki kikidai fidia ya dola milioni 12, na mahakama, hadi ya rufaa mwaka 2018, zikaitupa kesi kwa kuwa haikufikia kiwango cha kashfa.

Ukiweka hii kando ya Heston wa Moore, utaona ni ufundi mmoja. Tofauti ni kwamba huku mtu alikuwa na kinasa sauti. Watetezi wa bunduki wa Marekani wamezitumia sekunde hizo tisa kuikataa filamu nzima, pamoja na wazazi waliofiwa waliozungumza ndani yake kwa ukweli mtupu. Hasara hiyo ndiyo ningetaka kila mwanafunzi wa uhariri aione kwa macho yake.

Ya Nairobi

Baadhi yenu mtasema, Marekani ni mbali, tuna zetu. Kweli. *Blood Parliament* ya BBC Africa Eye, iliyotoka Aprili 2025, inahusu risasi za tarehe 25 Juni 2024 nje ya Bunge la Kenya wakati wa maandamano ya Gen Z dhidi ya Muswada wa Fedha. Mbinu yake haimo katika zile tano. Watengenezaji walikusanya picha na video zaidi ya 5,000, nyingi za simu za waandamanaji wenyewe, wakazipanga kwa dakika na kwa mahali, hadi wakawatambua maafisa wa usalama waliofyatua. Hakuna ucheshi, hakuna mchoro, hakuna kumsubiri mtu abadilike. Ni ushahidi, kipande juu ya kipande, na lawama inamwangukia mtu mwenye sare na kazi yake.

Onyesho lililopangwa Nairobi lilifutwa, na muda mfupi baadaye watengenezaji filamu wanne walikamatwa wakihusishwa nayo. BBC ikasema hawakuhusika. Kwa hiyo ukiichagua, fikiria pia usalama wa ukumbi wako. Ni fupi, haifiki saa moja, na ipo YouTube bure. Ningeioanisha na *3½ Minutes*: zote mbili zinathibitisha nani alifyatua, ila moja ina mahakama mwishoni mwake.

Wasiokuwemo

Katika wale 48,830 wa mwaka 2021, zaidi ya nusu, watu 26,328, walijiua wenyewe. Hakuna filamu hata moja kati ya tano iliyojengwa juu yao. Sidhani ni uzembe. Mtu anayejiua chumbani hana kamera ya usalama, hana kesi, hana adui wa kufuatwa hadi nyumbani kwake, na ndugu zake hawataki kuzungumza. Mbinu zote nilizozieleza zinahitaji tukio lenye pande mbili. Waambie watazamaji takwimu hiyo kabla ya mjadala, maana bila hivyo wote watazungumza kana kwamba bunduki Marekani ni habari ya shule na magenge tu.

Kuhusu lugha

Hizi za Marekani ni za Kiingereza, na cha Chicago si cha darasani. Kishawishi ni kumweka mtu na kipaza sauti atafsiri papo kwa papo, kwa mtindo aliouanzisha marehemu Lufufu Tanzania na unaoendelezwa na DJ Afro Kenya. Kwa filamu za mapigano ni raha tupu. Kwa dokumentari, kumbuka kwamba umeongeza msimulizi ambaye mwongozaji hakumtaka. Kwa Moore haidhuru, ana kelele za kutosha. Kwa *The Interrupters* mfasiri atajaza kila kimya, atatia vichekesho pale kwenye kinyozi, na filamu itakuwa imekwisha. Nilivyoona kinachofaa ni kugawa karatasi ya ukurasa mmoja yenye majina ya wahusika na muhtasari wa visa vikuu, kusimamisha filamu mara mbili au tatu kwa maelezo mafupi, na mengine kuyaacha. Na ufike mapema kujaribu spika. Mazungumzo mengi ya *The Interrupters* yamerekodiwa barabarani na ndani ya magari, na spika mbovu itawanyima watu nusu yake.